Kofia kumi na moja nusunusu ndani ya mkoba mmoja, na harusi ya mdogo wangu ni Ijumaa

Wakuu, nawasalimu nyote, wa visiwani na wa bara, mliokaa majumbani na mlioko makazini mnaojifanya mnafanya kazi.

Nimo humu mwaka wa tatu, nasoma tu stori za watu na kucheka peke yangu. Leo zamu yangu. Nitakayoyasema ni kweli tupu, na shahidi wangu mkubwa bado yu hai hapa hapa Unguja. Nikitia chumvi atanipigia simu kabla sijaweka nukta.

Umri wangu umepita sabini na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Sababu ya kuandika ni mjukuu wangu. Juzi alifungua kabati kutafuta chaja, akatoa mfuko wa vipande vya kofia. Akaniuliza, babu, hivi vyote umeviacha katikati? Nikamwambia hivyo ni vichache, ungeniona zamani.

Basi huko zamani ndiko nnakokupelekeni.

Skuli niliiacha darasa la tano, mwaka wa 1964. Sikufukuzwa wala sikugombana na mtu. Niliondoka tu, kama mtu anavyonyanyuka barazani akaenda zake.

Baada ya hapo nilifanya kila kazi mnayoijua. Nimepaka chokaa nyumba za Mji Mkongwe mpaka kope zikawa nyeupe. Nimepanga magunia ya karafuu. Nimeziba pancha za baiskeli Mlandege. Nimeangua nazi Paje, mwezi mmoja na nusu, nikaondoka siku niliyoweza kupanda mnazi bila ya kamba miguuni.

Ndivyo nilivyokuwa. Kitu nisichokijua hakinipi usingizi. Nikishaona kinavyofanywa, hamu inaniishia pale pale.

Kazi moja tu haikunitoka mkononi: kushona kofia. Niseme vizuri zaidi, sikuiacha, lakini wala sikuimaliza.

Kwa wasiojua, kofia zetu za mkono ni vipande viwili. Kuna ukanda, ule unaozunguka kichwa, na kuna duara la juu. Kila kipande hushonwa mbali. Unachora nakshi kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, unatoboa vitundu vidogo vidogo, unavizungushia uzi kimoja kimoja. Mwisho unaunga duara na ukanda, unafua penseli itoke, unatia wanga, unapiga pasi. Kofia moja nzuri inakula miezi.

Na kabla ya kumjibu atakayesema hiyo ni kazi ya wanawake: kwetu wanaume wanashona barazani mchana kweupe, na wengine ndio mafundi wenyewe. Tuendelee.

Mimi nilipenda ukanda. Ukanda unakwenda. Unaanza hapa, unashona, unasogea, kila siku uko mahali pengine. Duara ni kuzunguka pale pale kama ng'ombe wa kinu. Nikilitia sindano mara tatu nasinzia.

Tena nilikuwa na maradhi mengine. Nikiona nakshi mpya kichwani kwa mtu, mkono unaniwasha. Nitamfuata, nitaitazama, nitaichora kwenye karatasi ya kufungia kashata, na jioni hiyo hiyo nimeshaanza ukanda mpya. Wa zamani naukunja vizuri nautia mkobani. Nautia kwa mapenzi kabisa, na ahadi kwamba kesho nitarudi.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya sabini mkoba wangu wa ukili ulikuwa na kanda kumi na moja.

Mmoja nilimwanzia fundi wa baiskeli, nikahama kazi. Mmoja nilimwanzia muuza kahawa, akahama yeye. Mmoja nilioanza Paje ulikuwa na kovu la moshi, maana niliusahau karibu na jiko. Mmoja sikumbuki ni wa nani hadi leo, na nadhani hata nilipouanza sikujua.

Na ule wa chini kabisa, wa mwanzo wa yote, ulikuwa wa mdogo wangu Khamis.

Hapa nipunguze mwendo kidogo.

Khamis na mimi tulibaki wawili. Tulilelewa na shangazi yetu, Bi Mize, Mlandege, nyumba ya makuti yenye baraza ndogo ya udongo. Khamis alikuwa kinyume changu. Akianza kikombe cha chai anakimaliza hata kama kimeingia nzi. Mwaka ule nilioacha skuli, yeye alikuwa wa miaka kumi na anakaribia kukhitimu Kurani chuoni kwa mwalimu wake. Nikamwambia, siku ya khitma yako utavaa kofia ya mkono wangu.

Nilimpima kichwa kwa uzi, nikafunga fundo. Nikaongeza vidole viwili, kwa akili yangu ya ufundi wa wiki moja, ili iendelee kumfaa akikua. Nikashona ukanda, vitundu vimekwenda upogo kama meno ya mzee. Kila akiniuliza nilimwambia, imebaki kidogo.

Siku ya khitma Khamis alivaa kofia ya kuazima. Ilikuwa ya kijani na ya mtu mwingine. Aliniletea sahani yangu ya halua akakaa pembeni yangu tukala.

Miaka saba ikapita. Khamis akapata kazi, akapata mchumba, nyumba ya nne kutoka yetu. Harusi ikapangwa Ijumaa, nikahi baada ya sala ya alasiri.

Nami nikarudi na mdomo wangu ule ule. Nikamwambia mbele ya watu, kofia ya nikahi ni yangu mimi.

Amu wa bibi harusi, Mzee Ussi, mtu mwenye kichwa kikubwa na roho kubwa zaidi, akaja kumletea bwana harusi kofia nzuri sana, imefungwa kwenye karatasi laini. Khamis akaishika kwa mikono miwili, akaitazama, akairudisha kwa adabu. Akasema, ahsante sana amu, lakini kaka yangu ananishonea.

Shangazi alinisimulia haya baadaye, na akaongeza kwamba Mzee Ussi aliikunja upya ile karatasi laini, kona kwa kona.

Mnaelewa nilipokuwa nimefika? Mtaa mzima ulinijua mimi na mkoba wangu. Kijana amekataa kofia ya ukweni kwa ajili ya kofia ambayo haipo. Ikikosekana, ataingia kwa wakwe zake kichwa kitupu au na cha kuazima, mara ya pili katika maisha yake, na mara zote mbili mkosaji ni mmoja.

Nilimpima upya, nikafunga fundo jipya, nikaanza ukanda mwingine, ndio ule wa kumi na moja. Tena ulikuwa mzuri. Hata mimi niliuonea wivu.

Jumamosi kabla ya harusi Bi Mize akanikuta barazani.

"Vuai, hiyo kofia imefika wapi?"

"Imebaki kidogo, shangazi."

Akaichukua, akaigeuza. Robo ya ukanda ilikuwa bado, na duara hata penseli halijaguswa.

"Wewe ungepewa kuchimba kisima," akasema, "tungekufa na kiu na jembe limo shimoni."

Jumapili nilishona kutwa nzima, sikunyanyua kichwa ila kwa sala. Nikajisifu sana.

Jumatatu sindano ikakatika.

Nikaenda Darajani, mkoba begani, kununua sindano. Sindano tu, wakuu. Safari ya kwenda na kurudi mtu hajamaliza kumenya ndizi.

Pale sokoni palikuwa na mtu wa makamo anauza kamba za makumbi. Amenipa mgongo. Kichwani kwake ilikuwepo kofia ambayo sijawahi kuona mfano wake. Mawimbi yamepishana, moja linapanda na jingine linashuka, na katikati ya kila wimbi kitundu kimoja, peke yake, kama jicho linalokukonyeza.

Nikazunguka kwa mbele, sikuona vizuri. Nikazunguka kwa nyuma. Akahama, nikahama. Akaenda kununua sukari, nami nikawa mteja wa sukari. Alipopita Mlandege kuelekea kwenye gari za shamba mimi nimo nyuma yake, macho juu, nagongana na watu. Nilipita mbele ya nyumba yetu wenyewe bila ya kuiona.

Gari ilikuwa inakwenda Matemwe. Nikapanda. Nilijiambia ile nakshi inajirudia, nikiitazama hadi kituo cha pili nitakuwa nimeshaikariri, nishuke.

Haikujirudia. Kila wimbi lilikuwa na ukubwa wake. Tukafika Matemwe.

Yule bwana alishuka, akatembea hatua kama ishirini, akasimama, akageuka. Zama zile mtu akikufuata toka mjini mpaka shamba lazima moyo ukupige.

"Kijana," akasema, "kisogo changu kina nini?"

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, lakini kwa sauti ya mtu anayetafuta fimbo kwa macho. Nikamweleza yote: kofia, mawimbi, kitundu. Ilibidi nifungue mkoba nimuonyeshe kanda ndipo aamini kwamba sikutumwa na mtu.

Alicheka mpaka akakaa juu ya kamba zake.

Jina lake Pandu. Akasema kofia ile kaishona dada yake, na kama nataka kuona wazimu mwenzangu nimfuate.

Dada yake aliitwa Bi Mwatima, mjane, mnene, sauti yake ikitoka uani inafika pwani kabla yake. Alikuwa anasuka kamba mlangoni. Pandu akamwambia, nimekuokotea mgonjwa wa maradhi yako.

Nikatoa kanda zangu nikazipanga juu ya mkeka, moja moja. Alizitazama zote kumi na moja. Kisha akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati, akaligeuza.

Yakamwagika maduara.

Kumi na tisa, wakuu. Nilihesabu. Maduara kumi na tisa ya kofia, meupe, mazuri, mengine yana nyota, mengine yana maua, mengine yamejaa vitundu vidogo hata huoni kitambaa.

"Na kanda zake ziko wapi?" nikauliza.

"Kanda zipi? Nimeshona ukanda mmoja tu tangu kuzaliwa, huo ulio kichwani kwa Pandu. Umenichukua miaka miwili na nimeapa mbele ya watu." Akaushika ukanda wangu mmoja akaupima kwa shubiri. "Duara nnaliona linakua mbele ya macho yangu, mwanangu. Ukanda ni kwenda tu, kama njia ya mjini. Utafika lini?"

Nikamwambia mimi duara linanilaza.

Tukatazamana. Halafu yeye akaanza kucheka, mimi nikafuata, Pandu akasema jamani, na majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Sijawahi kukutana na mtu aliyenielewa haraka vile. Kila duara lake lilikuwa na habari kama zangu. Hili alilianza kwa ajili ya mumewe, kisha akaona nyota kwenye kanga ya jirani. Hili alilianza ili amalize lile. Lile alilianza kwa hasira.

Ndipo nikamwambia kuhusu Ijumaa.

Akaacha kucheka. Akaniuliza bwana harusi ni nani kwangu. Nikasema ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja. Akaniuliza kama nshawahi kumuahidi kitu kabla. Nikamsimulia khitma na ile kofia ya kijani. Sikuwa nimemsimulia mtu mwingine habari ile.

Akaokota ule ukanda mpya na sindano, akavitia mkononi mwangu.

"Kaa pale. Wewe maliza hicho kipande kilichobaki. Duara unalo, chagua. Kuunga ni kwangu. Hutoki hapa mpaka kitu kimalizike."

Gari ilirudi mjini bila ya mimi.

Huko Mlandege, nilikuja kuambiwa, jioni ile Bi Mize alizunguka mtaa mzima akiuliza kama kuna aliyeniona. Muuza sukari akasema alimwona Vuai anamfuata mtu wa shamba huku ameachama. Bi Mize akaenda moja kwa moja kwa Khamis, akamwambia kachukue ile kofia ya Mzee Ussi, kaka yako kashaondoka zake. Khamis akajibu, atakuja.

Mimi sikuyajua hayo. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni kwa Bi Mwatima nashona, na kwa mara ya kwanza nashona mahali ambapo kuna mtu anayesubiri kipande kitoke mkononi mwangu ili aendelee. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Ukisimama kidogo unaona sindano yake imesimama pia.

Msidhani niliongoka. Jumanne mchana Bi Mwatima alipokwenda kuchota maji, nilimwomba Pandu anivulie kofia. Nikachukua kipande cha kitambaa nikaanza kuchora yale mawimbi. Nilikuwa wimbi la nne alipotokea na ndoo kichwani.

"Hiyo penseli ni ya nini, Vuai?"

Nikasema nakumbuka tu.

Akashusha ndoo, akaninyang'anya penseli, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Alikaa nayo siku mbili. Alilala nayo, nadhani.

Jumanne usiku ukanda ukatimia. Jumatano asubuhi akaunga duara la maua madogo, likakaa kama limezaliwa pale. Wakuu, niliiweka kofia ile juu ya goti langu nikaitazama kama mtu aliyezaa pacha. Kofia nzima. Kofia yangu ya mwanzo nzima duniani, na nusu yake ni ya mtu niliyemjua juzi.

Sasa mkono wa Bi Mwatima nao ukawa umeshawaka. Akaanza kulinganisha maduara yake na kanda zangu zilizobaki, hili kubwa, hili dogo, hili linakaribia. Zikapatana tatu, katika zile ambazo ukanda wake ulikuwa umeshatimia. Kwanza ya fundi wa baiskeli, kisha ile yenye kovu la moshi. Kovu akalifunika kwa mshono.

Kwa ya tatu akaingiza mkono chini kabisa ya mkoba, akatoa ule ukanda wa mwanzo. Ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Huo uache, Bi Mwatima. Huo wa mtoto, tena umekwenda upogo."

"Nnaona."

"Kazi ya kitoto. Itakuaibisha wewe na duara lako."

Hakunisikiliza. Akatoa duara dogo la nyota moja, akasema hili lilikosa mwenyewe tangu alipokuwa msichana. Lilikuwa duara lake la mwanzo. Nalo, ukilitazama vizuri, lilikuwa upogo.

Akaunga.

Tukafua zote nne, tukatia wanga, tukazianika juu ya mabakuli yaliyopinduliwa uani. Alhamisi asubuhi akazipiga pasi ya mkaa mwenyewe. Akanirudishia penseli nilipokuwa nimeshapanda garini, wala si kabla.

Nilifika Mlandege adhuhuri. Bi Mize alikuwa barazani na wanawake wenzake wanachambua mchele. Hakunyanyuka. Akaniangalia kuanzia miguu. Nikafungua mkoba, nikamuwekea mapajani kofia ya maua madogo, nzima, imesimama kwa wanga.

Akaigeuza ndani akatafuta pengo. Hakuliona. Akaigeuza tena.

"Nani kamaliza?" akauliza.

Hakuuliza nani kashona. Shangazi yangu alikuwa ananijua.

Ijumaa asubuhi kinyozi akaja kumtengeneza bwana harusi, kama ada.

Na hapa, wakuu, ndipo ujinga wangu ulipotoka hadharani. Khamis, mtu mtulivu yule, alikuwa na tamaa moja tu ya ujana: nywele. Miaka ile vijana walikuwa wanafuga nywele kama mwavuli, ingawa zilikuwa zinapigwa vita na kila mkubwa. Khamis alifuga za kwake, akizibana kwa kofia kazini. Na mimi nilipompima kwa uzi, nilipima mwavuli.

Kinyozi akanyoa. Akanyoa zote, kichwa kikabaki kinang'aa kama yai.

Alasiri inakaribia, kanzu imevaliwa, watu wamejaa uani, Mzee Ussi amefika na kile kifurushi chake cha karatasi laini kwapani, hakusema kimekujia nini. Nikatoa kofia ya maua madogo mbele ya wote. Watu wakasema mashaallah. Nikaivika.

Ikashuka.

Ilipita paji la uso, ikapita nyusi, ikasimama kwenye masikio. Khamis akabaki amesimama gizani.

"Kaka," akasema kutoka ndani, "mbona sikuoni?"

Kicheko kilichopigwa pale sijakisikia tena. Bi Mize alishikilia nguzo. Kinyozi alitoka nje kabisa. Mzee Ussi peke yake hakucheka, alianza taratibu kufungua karatasi.

Ile sauti ya karatasi, wakuu. Hata leo mtu akifungua zawadi karibu yangu, mimi hutoka nje.

Nikaingiza mkono mkobani. Ya fundi wa baiskeli nayo kubwa, maana fundi yule alikuwa na kichwa cha boga. Yenye kovu la moshi ikakwama juu kama kifuniko cha birika. Watu wakaanza kucheka kabla hata sijaivika. Ikabaki moja. Sikutaka kuitoa. Nilijua nilivyoishona, kila tundu lililokwenda kombo nililikumbuka.

Nikaitoa.

Nikaivika kichwani kwa mdogo wangu, na ikakaa.

Haikubana wala haikulegea. Vile vidole viwili nilivyoongeza ili akikua imfae, alikuwa ameshavimaliza. Kichwa kilichonyolewa cha mtoto wa chuo na kichwa kilichonyolewa cha bwana harusi, kati yake vidole viwili tu.

Khamis akapandisha mkono, akapapasa ukanda kwa ncha za vidole, taratibu, akapita juu ya vile vitundu vya upogo. Akaivua, akaitazama. Akanitazama mimi.

"Hii si ya khitma yangu?"

"Ndiyo hiyo."

"Ulisema imebaki kidogo."

"Ilikuwa imebaki kidogo kweli," nikasema.

Akaivaa mwenyewe, akairekebisha kidogo upande. Macho yake yalikuwa yamejaa maji huku anacheka, na yangu vile vile. Mzee Ussi akaja karibu, akainama kuikagua ile kofia, akaona kila kosa, nina hakika, maana alikuwa mtu wa kujua kofia. Akasema, "Imekaa vizuri." Halafu akaokota ile ya maua madogo, akaitia kichwani kwake. Ikamkaa sawasawa. Akaenda nayo kwenye nikahi, wala hakuirudisha tena, na kile kifurushi chake akakipata kinyozi.

Khamis aliozwa na kofia ya rangi ya chai ya maziwa.

Bi Mwatima na mimi tulishona pamoja miaka mingi baada ya hapo, mimi kanda, yeye maduara, mpaka macho yake yalipochoka, Mungu amrehemu. Kila nikenda Matemwe alinipekua mifukoni kwanza, anatafuta penseli.

Nilichojifunza? Watu wengi watakwambia maliza kimoja ndipo uanze kingine. Wana haki. Mimi nilijaribu, sikuweza. Nilichogundua ni kwamba mimi si mvivu, ila kazi yangu ilikuwa na nusu ambayo si yangu. Unayeacha vitu katikati, kabla hujajichukia, mtafute yule ambaye kwake hapo ulipoachia ndipo utamu unapoanza. Yupo. Huenda uko nyuma ya kisogo chake hivi sasa.

Na jingine: usitupe kazi yako ya mwanzo kwa sababu imekwenda upogo. Hujui nani bado anaingoja.

Wale mliobobea kwenye kufuma, kudarizi, ukili, kushona, hata mnaojenga nyumba zimefika lenta mwaka wa tisa, semeni hapa bila aibu: mna vingapi vimelala? Na mnaanza kipya lini? Mnisahihishe pia kama kuna anayeijua ile nakshi ya mawimbi kwa jina lake, maana Bi Mwatima aliitoa kichwani kwake na hakuipa jina.

Maana ule ukanda wa mawimbi niliuchora siku ile ile ya harusi, jioni, watu wakila pilau. Nao umo katika vile vipande alivyovitoa mjukuu wangu kabatini.

Khamis huniuliza kila Idi umefika wapi. Mnajua ninavyomjibu.